Kiti cha Mgeni: Uchambuzi wa Kisa cha Kuporomoka kwa Maonyesho ya E3, 1995–2023

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha maonyesho ya biashara ya gemu za video yaliyojulikana kwa jina la E3, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi Mei 1995 na kufutwa rasmi tarehe 12 Desemba 2023. Kwa kuwa mambo yenyewe yalitendeka hadharani, kampuni, taasisi na viongozi wachache wenye nyadhifa wametajwa kwa majina. Waandishi wa habari waliodhurika, watumishi wa kawaida wa chama na wahusika wengine wote wameachwa bila majina wala alama yoyote ya kuwatambulisha.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba E3 iliuawa na UVIKO-19. Maelezo hayo, kwa maoni yangu, yanamsamehe mwenye nyumba mapema mno. Maonyesho yalijengwa kwa ajili ya mgeni wa aina moja, yaani mnunuzi wa maduka, na mgeni huyo alipopoteza umuhimu wake hakuna aliyekaa chini akaamua nani apewe kiti chake. Uchambuzi huu unafuatilia namna swali hilo lilivyoahirishwa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Usuli

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za gemu za Marekani hazikuwa na uwanja wao wenyewe. Zilipanga bidhaa zao katika CES, maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki, ambako televisheni na redio ndizo zilizopewa nafasi za mbele. Tom Kalinske, aliyekuwa akiiongoza Sega ya Marekani, alisimulia baadaye jinsi mwaka 1991 kampuni yake ilivyopangiwa hema nyuma ya jengo, mvua ikanyesha, na maji yakavuja juu ya mashine zake.

Msukumo wa pili ulitoka bungeni. Desemba 1993 Seneti ya Marekani ilifanya vikao kuhusu ukatili katika gemu za video, na kampuni zikaona ni heri zijidhibiti zenyewe kabla hazijadhibitiwa kwa sheria. Mwaka 1994 zikaunda chama chao, IDSA, pamoja na bodi ya ESRB ya kupanga gemu kwa kufuata umri wa mchezaji. Chama hicho, ambacho kilibadili jina na kuwa ESA mwaka 2003, ndicho kilichomiliki maonyesho, na mapato ya maonyesho yakawa sehemu kubwa ya fedha zake. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa sababu linaeleza mengi yaliyotokea baadaye: kampuni zilizolipia mabanda ndizo zilizokuwa wanachama wa chama kilichokodisha mabanda hayo.

Wakati huo gemu ilikuwa kitu cha kushikika, yaani kaseti au diski ndani ya kasha, na kasha lilihitaji rafu, na rafu ilikuwa mali ya mwenye duka. Mnunuzi wa maduka makubwa aliamua miezi kadhaa kabla ya Krismasi ni makasha mangapi aagize, na ndiyo sababu maonyesho yaliwekwa Mei na baadaye Juni. Mwandishi wa habari alikuwa mgeni wa pili, kwa kuwa magazeti ya gemu yalikuwa daraja kuu la kumfikia mchezaji. Mchezaji mwenyewe hakualikwa.

Nguvu ya mwenye duka ilionekana katika maonyesho ya kwanza kabisa. Sega ilitangaza kwamba mashine yake ya Saturn, iliyotarajiwa Septemba, ilikuwa imekwisha kuingia sokoni siku hiyohiyo kwa dola 399, lakini katika maduka ya kampuni chache tu zilizochaguliwa. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony alipanda jukwaani, akatamka «299», ambayo ilikuwa bei ya PlayStation, kisha akashuka. Kila anayesimulia historia hii hukimbilia kisa cha Sony, na kweli kinachekesha. Kisa cha Sega kina mafunzo zaidi. Wenye maduka walioachwa nje ya mgao walikasirika, na KB Toys, kampuni yenye maduka ya vitu vya kuchezea, wakakataa kuuza bidhaa za Sega. Katika sekta ambamo mwenye duka anaweza kumwadhibu mtengenezaji kwa namna hiyo, maonyesho ya kumbembeleza mwenye duka yana kila sababu ya kuwapo.

Mfululizo wa matukio

Muongo wa kwanza ulikuwa wa ukuaji. Baada ya miaka miwili Atlanta, 1997 na 1998, maonyesho yalirudi Los Angeles, na kufikia 2005 yalihudhuriwa na watu wapatao 70,000. Mabanda yalipanda hadi darini, muziki ukazidi sauti za watu, na kila kampuni ililazimika kutumia zaidi ya mwaka uliopita ili isionekane imefifia mbele ya jirani yake. Ingawa milango haikufunguliwa rasmi kwa umma, wengi waliopata vitambulisho hawakuwa wanunuzi wala waandishi wa habari bali wapenzi wa gemu waliojua mtu fulani dukani.

Julai 2006 chama kilitangaza kwamba maonyesho yangepunguzwa. Mwaka 2007 yalihamia Santa Monica kama mkutano wa walioalikwa tu, ukiwa umetawanywa katika hoteli za ufukweni na katika jengo la Barker Hangar kwenye uwanja mdogo wa ndege. Wahudhuriaji walikuwa wapatao 10,000. Mwaka 2008 mkutano ulirudi katika ukumbi wa zamani wa Los Angeles, safari hii na watu wapatao 5,000, na mwaka huohuo kampuni kubwa za gemu za Activision na Vivendi zilijitoa katika chama. Mwaka 2009 chama kilirudisha sura ya zamani, na watu wapatao 41,000 wakaja.

Kisha wakubwa wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mwaka 2013 Nintendo iliacha mkutano wake mkubwa wa jukwaani na badala yake ikarusha kipindi kilichorekodiwa mapema kwa njia ya intaneti, mtindo iliouanzisha mwaka 2011 kwa jina la Nintendo Direct. Banda lake lilibaki, lakini habari zake zilikwisha kutoka kabla mgeni hajafika bandani. Mwaka 2016 kampuni ya gemu ya Electronic Arts iliondoa banda lake na kuandaa tamasha lake jirani tu na ukumbi, Activision nayo ikaacha banda. Mwaka 2018 Microsoft ilihamishia gemu zake katika ukumbi wa karibu uliobeba jina lake. Novemba mwaka huo Sony ikatangaza kwamba haingeshiriki mwaka 2019, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1995.

Katikati ya mtiririko huo, mwaka 2017, chama kilifungua milango kwa umma kwa mara ya kwanza na kuuza tiketi 15,000. Idadi ya wahudhuriaji ilifikia 68,400 mwaka huo, 69,200 mwaka 2018 na 66,100 mwaka 2019. Aliyetazama takwimu hizo peke yake angedhani mgonjwa anapona.

Agosti 2019 iligundulika kwamba orodha ya waandishi wa habari na watengenezaji wa video waliojiandikisha, zaidi ya watu 2,000, ilikuwa wazi katika tovuti ya maonyesho kwa yeyote aliyebofya kiungo chake. Orodha ilikuwa na majina, barua pepe, namba za simu na anwani, na kwa kuwa wengi wao ni watu wanaojitegemea, anwani hizo zilikuwa za nyumbani kwao.

Januari 2020 Sony ilisema haitashiriki mwaka huo pia. Februari mtangazaji Geoff Keighley, aliyekuwa sura ya maonyesho kwa miaka mingi, akasema naye hatakuwapo, na mwanzoni mwa Machi kampuni ya ubunifu iliyoajiriwa kuyapa maonyesho sura mpya ikajiuzulu. Haya yote yalitangulia tarehe 11 Machi 2020, siku ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga na chama kikafuta maonyesho ya mwaka huo.

Maonyesho ya 2021 yalifanyika mtandaoni bila kiingilio. Ya 2022 yalifutwa kwanza kama mkusanyiko wa ukumbini, kisha hata kama kipindi cha mtandaoni. Kwa ajili ya 2023 chama kilikabidhi uendeshaji kwa ReedPop, kampuni yenye uzoefu mkubwa wa matamasha ya mashabiki, na tarehe zikapangwa 13 hadi 16 Juni. Kampuni tatu kubwa za mashine za kuchezea hazikuchukua nafasi ukumbini. Kampuni ya gemu ya Ubisoft, iliyokuwa imeahidi kuja, ikabadili nia mwishoni mwa Machi, na siku chache baadaye, tarehe 30, maonyesho yakafutwa. Septemba 2023 chama na ReedPop walitengana, na Desemba rais wa chama, Stanley Pierre-Louis, akatangaza mwisho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa 2006 wa kupunguza maonyesho mara nyingi huhesabiwa kuwa kosa kubwa. Mimi nauona kuwa ndio uamuzi pekee katika kisa chote uliojaribu kujibu swali la mgeni. Wanachama wakubwa walilalamika kwamba gharama zilikuwa zimepita faida, kwamba mikutano ya maana ilifanyika vyumbani juu wakati fedha zilimwagwa chini ukumbini, na kwamba umati uliojaa ukumbi haukuwa na cha kuagiza. Kwa hiyo wakaamua kubaki na mnunuzi na mwandishi pekee, bila kelele. Hoja ilikuwa safi, ila walikosea kumtambua mgeni. Kufikia 2007 mnunuzi wa maduka hakuhitaji tena kusafiri ili aone bidhaa, kwa kuwa kampuni kubwa zilimfuata ofisini kwake, na kilichobaki na thamani ni zile kelele zenyewe, yaani picha za umati na foleni zilizozunguka dunia na kumfanya mchezaji aamini kwamba jambo kubwa linatokea. Walipoondoa kelele waliondoa bidhaa.

Kurudisha ukubwa mwaka 2009 kulikuwa na sababu mbili: kampuni zilitamani mwangwi zilioupoteza, na chama kilihitaji mapato. Hata hivyo hakuna dalili kwamba somo la miaka miwili ile lilichukuliwa. Ikiwa umati ndio uliokuwa na thamani, hatua iliyofuata ilipaswa kuwa kuualika waziwazi, kuupangia siku na nafasi zake, na kuutoza. Badala yake sheria ya zamani ya «wataalamu wa sekta pekee» ikarudi pamoja na mabanda ya zamani, na umati ukaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma kwa miaka minane mingine.

Uamuzi wa Nintendo wa 2013 unastahili kutazamwa kwa jicho la mtazamaji wa mbali. Los Angeles wakati wa Juni iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa kumi. Sony ilipofungua jukwaa lake saa kumi na mbili jioni mwaka 2016 na 2017, kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyetaka kuona alikuwa macho saa kumi alfajiri. Katika miaka iliyofuata, Nintendo iliporusha kipindi chake saa tatu asubuhi ya huko, huku ilikuwa saa moja usiku, baada ya chakula. Katika hali zote mbili alichokiona kilikuwa kilekile alichokiona mwandishi aliyesafiri na kulala hotelini, isipokuwa mwandishi aliweza kuishika gemu yenyewe mkononi. Kampuni iliyotambua hivyo iliuliza swali jepesi: ikiwa tunaweza kuzungumza na wachezaji wote kwa saa moja, kwa saa tunayoichagua wenyewe, bila mshindani kuzungumza saa mbili baadaye, tunalipia nini ukumbini?

Chama hakikuwa na jibu, na hapa muundo wake ulikifunga mikono. Mwandaaji wa kawaida akiona mteja wake mkuu anaondoka humfuata, hushusha bei au hutafuta mteja mwingine. Chama cha wanachama hakiwezi kumkaripia mwanachama anayekilipa ada, wala hakiwezi kuandaa tamasha la umma litakaloonekana kushindana na matamasha ya wanachama wenyewe. Kila kampuni iliyoondoka ilifanya hesabu sahihi kwa upande wake, na kila kuondoka kukapunguza sababu ya kampuni iliyofuata kubaki. Hakuna aliyepewa jukumu la kutetea maonyesho dhidi ya wenye maonyesho.

Kuufungulia umma mwaka 2017 kulifanywa, nadhani, kwa nia ya kujaza nafasi na mfuko kwa pamoja. Tiketi ziliuzwa kwa dola zipatazo 250, na zipatazo 150 kwa waliowahi. Mnunuzi wa tiketi aliingia katika ukumbi uliopangwa kwa ajili ya wataalamu: mabanda machache, mashine chache za kujaribia, foleni za saa nyingi, na waandishi wenye miadi wakipita pembeni yake. Waandishi nao walilalamika kwamba hawawezi kufanya kazi katika msongamano. Waraka wa mapendekezo uliovuja mwaka 2019 ulionyesha kwamba chama kilifikiria kuongeza tiketi za umma hadi 25,000 na kuwaburudisha watu wakiwa kwenye foleni. Foleni, ambayo ilikuwa dalili ya mpangilio mbaya, ilikuwa imeanza kuhesabiwa kuwa nafasi ya biashara.

Matokeo

Maonyesho yalikufa, lakini wiki yake haikufa. Juni 2023, siku chache tu kabla ya zile ambazo ukumbi ulipaswa kujaa, Keighley aliendesha tamasha la Summer Game Fest, alilolianzisha 2020, na Microsoft na Ubisoft zikafanya maonyesho yao wenyewe katika jiji lilelile la Los Angeles. Kampuni ziliendelea kuihitaji Juni, na waandishi waliendelea kuhitaji kukutana nazo. Kilichokosa mhitaji ni mwenye ukumbi.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka 2020. Sony ilionyesha PlayStation 5 katika kipindi cha mtandaoni tarehe 11 Juni, Microsoft ikafuata na gemu zake Julai, na mashine zote mbili zilipotoka Novemba ziliadimika madukani kwa muda mrefu. Kizazi kipya cha mashine kilizinduliwa bila E3, na hakuna mhasibu wa kampuni hizo ambaye angeandika baada ya hapo kwamba banda la mamilioni ya dola ni la lazima. UVIKO-19 uliwapa wanachama jaribio ambalo hakuna bodi ingeliidhinisha kwa hiari.

Uchambuzi

Lililofanya kazi lisipuuzwe. Kuzikusanya habari zote katika wiki moja kulimsaidia mdogo kuliko mkubwa. Mwandishi aliyetumwa kuripoti habari za Sony alikuwa na nusu saa iliyobaki, na katika nusu saa hiyo alipita kwenye meza ya studio ya watu wanne ambayo isingeweza kumwita kutoka Tokyo au London kwa uwezo wake. Mkubwa alipoondoka na habari zake, aliondoka pia na macho yaliyokuwa yakimwangukia mdogo. Hasara hii haikuonekana katika hesabu za mwanachama yeyote, kwa sababu wengi wa waliopata hasara hawakuwa wanachama.

Lawama kwamba tatizo lilikuwa umiliki wa chama pekee haitoshi. Gamescom, maonyesho ya gemu ya Cologne yaliyoanza 2009 yakirithi maonyesho ya Leipzig, nayo inaungwa mkono na chama cha sekta cha Ujerumani, lakini ilipita watu 370,000 mwaka 2019 na ingali hai. Tofauti naiona katika mpangilio wa wageni. Huko tangu mwanzo mfanyabiashara ana kumbi zake na mchezaji ana zake. Mmoja hamkanyagi mwenzake, na umati wa mchezaji ndio unaoivuta kampuni ije. Mwendeshaji wake, Koelnmesse, kazi yake ni maonyesho, na angepata hasara kama maonyesho yangekufa. E3 ilikuwa mikononi mwa chama, na ReedPop waliletwa 2022 tu, wakati nyumba ilikuwa imekwisha kuhamwa. ReedPop walijua kazi yao, ila walikabidhiwa karamu ambayo waalikwa wakuu walikwisha kula kwingine.

Suala la orodha iliyovuja huwekwa kando kama ajali ya kiufundi. Nakataa kuliweka huko. Orodha hiyo ilikuwapo kwa sababu chama kiliwapa waliolipia mabanda ili wapate kuwaalika waandishi, na kwa maana hiyo waandishi walikuwa sehemu ya bidhaa iliyouzwa pamoja na mita za mraba. Waandishi wa gemu, wanawake hasa, walikuwa wameishi na vitisho vya mtandaoni kwa miaka mingi kabla ya 2019, na anwani ya nyumbani mikononi mwa mtu asiyejulikana si jambo dogo kwao. Chama kiliomba radhi na kuiondoa orodha. Lakini katika mwaka ambao Sony haikuwapo, waandishi ndio waliobaki kuwa sababu ya kampuni nyingine kuja, na hao ndio waliofunzwa kwamba kujiandikisha kuna hatari.

Mwaka 2025 chama kilitangaza mkutano mpya uitwao iicon, uliopangiwa Las Vegas mwezi Aprili 2026, kwa ajili ya viongozi wa biashara na wabunifu kutoka sekta mbalimbali. Mabanda ya wachezaji hayamo katika mpango huo. Kwa sura yake unakaribiana na ule wa Santa Monica wa 2007 kuliko chochote chama kilichofanya katikati, isipokuwa safari hii mgeni ametajwa katika mwaliko.